Kutembea Bila Kwenda

Ngazi thelathini na moja, nimezihesabu,
juu ya duka la nyama kavu la Hacı Bedri.
Harufu yake ya uwatu inapanda nawe mpaka mlangoni
kama msindikizaji asiyejua kuaga.
Niliposhika kitasa nilikuwa nimeshachoka.
Mazoezi ya kwanza hayalipiwi.

WANAWAKE TU, bango linasema,
na mwanamke aliyechorwa hapo
hana tumbo wala jina.
Mimi ninavyo vyote viwili:
Nurhayat, miaka hamsini na mitatu,
fundi wa magauni ya harusi, Kayseri hii hii.
Raba ni za mwanangu Oğuz, aliziacha alipokwenda jeshini;
nimevaa soksi mbilimbili ili zisinikimbie.
Mume wangu alicheka, akauliza chai yake iko wapi.
Nikamwambia: iko lilipo birika.

Sasa huyu binti, Tuğçe,
mwembamba kama sindano ya hariri,
anatoa futi.
Futi! Kwangu mimi!
Miaka thelathini imenikaa shingoni,
nimepima viuno vya nusu ya mji huu,
najua nani aliolewa na mimba ya miezi minne
na nani alishinda njaa wiki tatu
akaanguka kabla ya kusema ndiyo.
Kinyozi hajinyoi.
Kiuno changu nilikijua kwa kubahatisha,
kwa lastiki,
kwa sketi ninazojishonea zisizo na kifungo hata kimoja.

"Inua mikono, mama."
Nikainua. Ubaridi wa futi ukanizunguka,
ukafika mgongoni, ukasita;
vidole vyake vikatafutana nyuma yangu
kama watu wawili waliopotezana sokoni.
"Mia moja na kumi na mbili,"
akasema kwa sauti ya chini, akiandika upesi.

Ah, binti.
Futi naijua inavyolalamika, naijua inapokaza.
Hiyo ni mia moja na kumi na tano.
Umenikatia tatu
kama nilivyowakatia maharusi wangu,
kisha usiku, taa moja, nikaachia mshono
ili asubuhi gauni lipande bila mtu kulia.
Nilidhani uongo huu ni wangu peke yangu.
Wewe umefundishwa na nani?

"Pima tena," nikasema,
"na usinihurumie. Siolewi."

Kwenye kona vyuma vikanyamaza.
Mwanamke mmoja, mnene kunishinda,
mtandio wake ameutundika kwenye usukani wa baiskeli isiyokwenda,
akacheka mpaka akakaa sakafuni.
Şehriban! Gauni la bintiye nililishona mimi,
na pesa ya mikono hajanilipa hadi leo.
Akaniona ninavyomtazama.
Akaacha kucheka kidogo.

Halafu mashine. Dakika nane.
Mkanda ukaondoka, mimi nikabaki;
tumbo langu likawa linafika
kitambo kidogo baada yangu.
Mguu, mguu. Taratibu,
kama ninavyokanyaga cherehani juu ya kitambaa chepesi,
ila safari hii kitambaa ni mimi
na sijui nani amekata.
Dirishani mlima Erciyes na theluji yake,
haukusogea hata unywele.
Dakika ya tano niliuchukia.
Ya saba niliusahau, nilikuwa natafuta pumzi.

Nyumbani nikafungua daftari la vipimo.
Chini ya Elifnur, mwenye harusi ya Juni,
nikaandika jina langu. Kiuno: 115.
Nyonga, sitaki kusema, lakini niliandika.
Kwenye safu ya siku ya kuchukua gauni
nikaacha wazi.

Kisha nikala. Mantı za jana,
zile ndogo za kwetu, arobaini kwenye kijiko.
Vijiko vitatu tu.

Haya, vitano.