Bei ya Shali kwenye Malango ya Esna

Meli ya leo ina sitaha nne, na juu kabisa bwawa la kuogelea:
maji juu ya maji, utadhani Naili haikutosha.
Imetoka Luksor alfajiri. Makaburi imeshayaona.
Kesho Edfu, keshokutwa mamba wa Kom Ombo
waliokaushwa wakavishwa sanda kama watu.
Sisi wa Esna hatumo katika ratiba.
Sisi ni malango tu. Meli huingia, hufungiwa,
huletewa maji chini ya tumbo, nayo huumuka
polepole, kama donge lililotiwa hamira.

Nina dakika kumi na tano.

Mwanzo wageni ni wa kutazamana nao uso kwa uso,
naona hata barafu kwenye bilauri zao za choya.
Kisha wanaanza kupaa, nami ukutani nabaki na shingo.
Maji yakipanda, bei hushuka:
hiyo ndiyo hesabu aliyoniachia baba yangu Zeinhom,
ambaye mkono wa kulia ulimrefuka kwa kurusha.
Naweza kuuza kwa lugha saba.
"Sitaki" naielewa kwa kumi na moja.

Madamu! Madamu wa kofia! Pauni mia nne!

Nalitia shali katika mfuko wa nailoni, nafunga fundo,
narusha. Mfuko unapita sitaha ya pili, ya tatu,
unamkosa mpishi aliyetoka kuvuta sigara,
unatua kitini pake kama njiwa aliyealikwa.
Anacheka. Anajitanda. Mumewe anampiga picha,
halafu nyingine, arudi nyuma kidogo, jua limpate.
Mia tatu! Ukingo ule wa shanga, madamu,
Sabra wangu aliutunga jioni tatu, umeme ukikatikakatika,
sindano ikichoma kidole zaidi ya kitambaa.
Mia mbili na hamsini!

Siku hizi mpwa wangu Rifaat analipwa kusafisha dari ya hekalu letu,
kule shimoni katikati ya mji, chini ya usawa wa maduka.
Pamba, dawa, pamba tena.
Masizi anayoyafuta ni ya watu waliopikia humo,
pengine dengu, pengine dengu za bibi zetu,
na chini ya masizi kuna buluu ambayo hakuna aliyeijua.
Mjomba, aliniambia, tulikuwa na mbingu ndani, tukaipaka moshi.
Sijui kwa nini nalikumbuka hilo huku napiga kelele,
Mia mbili!

Mia na hamsini.

Mia.

Lango la mbele linaanza kutetema. Kofia inainama,
mikono inafanya kitu na mfuko, kisha mfuko uko hewani, unarudi,
na mimi nakadiria uzito wake kwa macho, shali au noti,
shali au noti,
hadi unapodondoka kati ya chuma na ukuta,
mahali ambapo hata paka hathubutu.
Honi. Meli ikaondoka na bwawa lake.

Niliuopoa kwa kulabu. Fundo lake lilikuwa zuri kuliko langu,
halikupitisha hata tone.
Ndani: shali, limekunjwa kwa heshima, pembe kwa pembe,
na sabuni ndogo ya chumbani, bado imo katika karatasi ya dhahabu,
imegongwa sura ya Farao.

Sabra hakuuliza bei. Aliinusa, akaiweka penye beseni,
na wiki nzima mikono yake ikanukia watu waliolala vizuri.
Siku ya tatu Farao alipoteza pua.
Siku ya tano, macho na taji.
Ya nane alikuwa kipande chembamba, cheupe, kisicho na jina,
na bado kilitoa povu.