Meza, Bendera, Leso

Crewe ni mji wa kubadilishia treni.
Wengi wanaujua kwa dakika kumi za baridi jukwaani.
Sisi tulioshuka tukabaki
tunafunga sandwichi zamu ya usiku,
mimi na Zeferina, kofia za wavu, vidole ganzi.

Leo ishirini Mei kaniomba nimshikie ngazi
katika ukumbi wa kanisa, umekodiwa hadi saa nne.
Akasema neno kwa lugha yake ya Timor: meza,
nami nikaisogeza meza kabla sijashangaa.
Akacheka. Akainua kitambaa chekundu chenye nyota:
bandeira. Bendera, nikamjibu.
Akavua cha kichwani: lensu.
Leso.
Tukaenda hivyo kama watoto wanaoonyeshana makovu.
Mreno alipita kwao, alipita kwetu,
akaondoka akisahau vyombo.

Kisha akanyosha kidole ukutani, penye msalaba:
igreja.
Nikanyamaza. Neno hilo kwetu lilivuka maji kanisa,
likashuka pwani gereza.
Nilipomweleza hakucheka.
"Kaka yangu alijificha kanisani siku kumi na saba,"
akasema. "Hamkukosea sana."

Yeye kazaliwa siku ya tano
ya uhuru ulioishi siku tisa.
Mreno kaondoka, jirani kaingia na manowari
kitovu cha mtoto hakijakauka.
Uhuru wa pili ulimkuta ana watoto wawili.
"Nchi yangu ni mdogo wangu," husema,
"mgongo unauma, lakini nimtue wapi?"
Na pasipoti iliyomfikisha huku ni ya Mreno yuleyule.
Hilo hatukulizungumza. Wali ulikuwa unaungua.

Mjukuu wake Januário, viatu vinawaka taa,
akauliza nchi ina miaka mingapi.
Akahesabiwa.
"Mwalimu wangu mkubwa zaidi!"
Ukumbi ukaangua kicheko, hata wazee wenye medali.

Halafu majina.
Yalisomwa bila kipaza sauti, kilikuwa kimekufa,
yakasomwa mvua ikakatika, ikarudi,
hadi mlinzi, Bwana Hollis, akaanza kuchezesha funguo mlangoni,
mtu mwema, ana basi la kuwahi.
Zeferina akakunja karatasi, akaweka alama kwa kucha:
"Mwakani tutaanzia hapa."

Saa sita usiku tuko kwenye mkanda.
Jibini, nyanya, mkate, jibini.
Akaniuliza kwa sauti ya juu: ile siku yenyewe,
kwenu mnaiitaje?
Uhuru, nikamwambia.
Akangoja lifanane na la kwake. Halikufanana.
La kwake nalo likanishinda, refu, ulimi ukateleza.
Akalijaribu langu mara moja, mara mbili,
mashine zikilimeza.
Mara ya tatu msimamizi alikuwa anapita,
tukainamia mkate.