Mpangaji

Kioo namba kumi na saba. Tone la mafuta,
nashusha lenzi taratibu mpaka mwanga utulie.
Feni ya maabara hapa Buguruni
inahamisha joto kutoka kona hii kwenda ile.

Hawa hapa: pete nyembamba, kijiwe chekundu ubavuni,
kama zile za Kariakoo, mbili kwa elfu moja,
za kumvisha mtu usiyekusudia kumwoa.

Chembe nyekundu haina kiini,
haina wa kuchungulia na kuuliza, "Hodi ya nani?"
Ukiingia umeingia. Hulipi kilemba,
hutoi miezi sita mkononi.
Unarudishia mlango, unaanza kula ukuta.

Na anakula kwa adabu, huyu. Kinywa kidogo,
funda moja, funda lingine,
wekundu wote anaushusha tumboni, anaumeng'enya.
Nyama yake anajengea mwili.
Chuma hakiliki.
Chuma kinamdhuru hata mwizi.
Na atakitema wapi, naye yumo ndani?
Anakikandamiza kiwe fuwele, anakirundika kando,
weusi kama masizi ya jiko la mkaa
katika chumba kisicho na dirisha.

Baada ya siku mbili nyumba inapasuka.
Wanatoka ishirini, kila mmoja anatafuta chumba.
Huku nje sisi twaiita homa.

Nahesabu. Kidude cha kuhesabia kinalia ta, ta, ta.
Ndani ya chembe nyeupe moja nayaona masizi yale,
imezoa majivu ya nyumba zilizokwisha kuungua.
Ndipo nasoma jina kwenye fomu:
Kondo Mwinyimvua, Vingunguti, miaka sitini na mbili.

Mwenye nyumba wangu.
Juzi kaniongezea elfu ishirini kwa mwezi,
kisa anajenga chumba cha tano.
Msingi umechimbwa tangu masika, umejaa maji.
Nilimwambia, Mzee, haya maji yatatuua.
Akasema wapangaji mna maneno.

Nachungulia dirishani: yupo kwenye benchi,
kajifunika koti adhuhuri hii, meno yanagongana,
mikono ile inayojua kuhesabu noti
haiwezi kushika kikombe cha maji.

Nilitaka kucheka. Nimebonyeza mara mia nne na tatu,
kisha nikapoteza hesabu,
nikaanza tena, kioo kile kile, tangu mwanzo.