Taa ya Njano

Pikipiki ya Arinaitwe ina akili ya kiwandani.
Ukiiwasha, taa ya njano inakukonyeza,
kisha inazima: maana yake, niko macho.

Ile Jumanne ya mvua, lami ya Kabale iking'aa kama kisu,
mbuzi alichomoka kwenye mtama bila kuuliza.
Nilibana breki kwa woga wote nilionao.
Kishikio kikanipigapiga vidoleni
kama moyo wa kuku uliyembana kwapani;
gurudumu likakataa kufunga, likakataa kuteleza.
Mbuzi akaenda zake. Nami nikaenda zangu,
nikitetemeka hadi sokoni.

Nikaisifu wiki nzima. Pale stejini nikawacheka
wenye breki za waya na sala.

Halafu Bunyonyi, mteremko wa changarawe.
Nikabana, ikaachia. Nikabana, ikaachia,
ikinihurumia hivyohivyo
mpaka mtaroni.
Ukucha mmoja, kioo kimoja, aibu yote.

Siilaumu. Itajuaje
kwamba dereva wa lori la Katuna hajalala siku mbili?
Kwamba tairi langu la nyuma lina upara,
na ada ya shule imenikalia mgongoni
kwa uzito kuliko abiria?

Abiria mwenyewe, Mama Kyarisiima, na ndoo yake ya viazi,
hana waya hata mmoja. Kabla ya kona
hunigonga bega kwa kidole:
"Mpora, mpora."
Na mkono wangu hulegeza mafuta
kabla taa haijawaza.