Sauti ya Tano

Mwaka ule mjomba Kapaya alirudi kutoka kwenye mizinga
bila asali, ila na habari:
ndani kabisa ya Ipole, kwenye mtundu ulioungua ubavu mmoja,
kuna ua ambalo tangu aoe
ameliona mara mbili tu.

Tukaenda. Siku moja na nusu kwa baiskeli,
mbung'o wakitusindikiza kama wadai.
Nilibeba daftari la shule na kalamu mbili,
maana bwana misitu alisema, andika kila kitu.
Nikaandika: Petali tano. Moja imepinda.
Harufu: haipo, au pua yangu imejaa moshi.
Rangi:
hapo mvua ikalamba wino.

Sasa nina miaka hamsini na mmoja,
nyumba yangu iko Cheyo, ng'ambo ya reli,
na watu wakisikia kwamba niliwahi kuliona
hunivutia kiti. Lilikuwaje?
Nasema zambarau.
Siku nyingine nasema manjano yenye michirizi ya damu.
Wote huguna, ahaa,
nami huinamia chai yao kwa haya.

Kwa ajili ya shore hajanivutia mtu hata kigoda.
Hukaa juu ya kamba ya kuanikia,
kichwa cheusi, timutimu, kama aliyekurupuka usingizini.
Hula papai langu kabla sijaamka,
hunya kwenye shuka niliyoifua jana,
huimba yaleyale
kabla treni ya alfajiri haijapiga honi.
Nimewahi kumtupia kandambili.
Aliruka, akarudi na shemeji zake.

Masika yaliyopita nililazwa Kitete. Homa, siku tisa,
dirisha limezibwa kwa boksi la sabuni,
usiku na mchana rangi moja.
Kalunde, binti yangu, akaja na uji, akauliza:
Mama, nikuletee nini kutoka nyumbani?
Nilidhani nitasema redio. Au ile khanga ya kijani.
Nikajisikia napiga mluzi,
midomo imekauka, imepasuka,
sauti nne, na ya tano imepinda,
bila kukosea hata moja.

Hizo sikuwahi kuziandika popote.

Kalunde akacheka hadi uji ukamwagika.
Huyo hajambo, akasema.
Papai kalimaliza.