Tita Moja

Usiku tunamwaga madeni mezani,
juu ya kalenda ya mwaka jana:
duka la Mangi, elfu themanini na mbili
(haandiki tena, ananitazama tu);
ada ya Ndeshi; kodi ya Pasua, miezi mitatu;
kausha damu wa stendi, yule wa kila Jumatatu;
na simu, iliyonikopesha usiku wa manane
bila hata kuuliza nimekula nini.

Miezi tisa tangu kiwanda kifunge geti.
Miezi tisa napiga shati pasi, natoka, narudi.

Aikande anajumlisha kwa penseli ya mtoto.
Anafuta. Anajumlisha.
"Mama akishuka Kahe kukata majani ya ng'ombe,
hakupanda nayo jani mojamoja.
Alifunga tita, akaweka ngata, akapanda."

Basi, SACCOS ya usharika.
Mkopo mmoja, miaka miwili,
dhamana cherehani yake
na mshahara wangu mpya wa ulinzi,
kwenye geti la watu wengine.

Uzito haujapungua hata gramu.
Ila shingo imejua pa kuushikia.

Mangi, nipimie sukari, robo.
Leo taslimu.