Viatu vya Muuaji

Ijumaa, filamu mpya, Łódź.
Bogna amekaa safu ya nyuma, karibu na mlango,
mama yake ubavuni, koti kalipakata.

Kisu kinazama.
Ukumbi mzima unameza mate;
Bogna anajua: ile ni kabichi,
kainunua Jumanne kwa zloti nne,
na majeraha yake wakayapika mchuzi.

Shingo inavunjika: karoti mbili
ndani ya taulo lililoloa.
Mlango wa ghala: kiti cha ofisini
kisichojua mafuta.
Hofu yote hii, ya watu mia tatu,
imetoka jikoni kwake.

Kisha giza. Muuaji haonekani,
zinasikika hatua zake tu, ngazini:
ya kulia nzito,
ya kushoto inaburuta kidogo,
na kwenye kidato cha mwisho kituo,
kama mtu anayepapasa mfuko kutafuta ufunguo.

Binti wa mbele anaficha uso.
Mtu kamwaga bisi.

Mama hashtuki.
Anainua kichwa, anatega sikio
kama alivyolitega miaka ile, saa saba za usiku,
kiwanda cha nguo kikiachia zamu,
chakula kikipashwa mara ya tatu.

"Viatu vile," ananong'ona,
"si uliniambia umevigawa?"

Bogna hajibu.
Muuaji amefika mlangoni.
Ukumbi mzima unamwomba asiingie;
mama peke yake
ameondoa koti kwenye kiti cha pembeni,
ampishe.